Mgongo wazi ulipoanza kuwa na nyama: nilivyonyamaza kwenye kamati ya kiwanda

Wakuu, salamu kutoka Kisumu.

Nitasimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe, na sitajipaka rangi nzuri. Majina nimebadilisha na kiwanda sitakitaja. Mengine yote yako vile yalivyokuwa.

Kosa langu lilikuwa kukubali kubaki mwakilishi wa wafanyakazi, huku nikijua kabisa kwamba siwezi tena kumpinga mtu aliyekaa upande wa pili wa meza.

Niliulizwa mbele ya watu. Nafasi ya kusema hapana nilikuwa nayo.

Nikasema nitaendelea.

Naandika leo kwa sababu juzi nilisoma uzi humu ndani. Mwenzetu mmoja alisema sheria zinazolazimisha kampuni kukaa na wafanyakazi kabla ya kuamua mambo ndizo zinazofukuza wawekezaji. Wengi wakamuunga mkono. Mimi nimekaa kwenye hiyo meza miaka kadhaa, kwa hivyo nivumilieni niseme yangu.

Nina miaka sitini na tatu. Nilimaliza form four, sikupata ya kuendelea, nikaingia kiwanda cha minofu ya mbuta hapa kando ya ziwa. Mbuta ni yule samaki mkubwa ambaye minofu yake inasafirishwa ng'ambo. Nilikata samaki miaka mingi mpaka mabega yakachoka, ndipo wakanihamishia meza ya kukagua minofu kabla haijaingia kwenye katoni.

Sheria yetu inasema mahali penye wafanyakazi ishirini na zaidi lazima pawe na kamati ya usalama na afya, na wafanyakazi wawe na viti sawa na management. Kwetu, jambo lolote la kubadilisha namna kazi inavyofanywa lilikuwa linapita pale kwanza.

Uchaguzi tulifanya kwa mstari. Wagombea wanasimama uwanjani nyuma ya cold room, kila mtu anasimama nyuma ya anayemtaka. Mstari wangu ulipinda kona ukafika vyooni. Watu wakacheka, wakasema kura zangu zina harufu.

Wa kwanza kwenye mstari huo alikuwa Consolata. Sisi tulimwita Conso. Alikuja kiwandani akiwa msichana asiyejua kushika kisu, nikasimama naye mezani wiki nzima nikimwonyesha mahali pa kuanzia na pembe ya mkono. Baadaye akanipita. Katika wakataji wote hakukuwa na mkono kama wake.

Nikiri kwamba kamati ina kero zake. Jambo la dakika tano linaweza kula asubuhi nzima. Manager alikuwa akiangalia saa mpaka tunamwonea huruma.

Lakini pia niliona faida kwa macho yangu. Zamani shifti ilikuwa inaanza saa kumi na mbili asubuhi, na malori ya samaki kutoka Port Victoria yanafika karibu saa tatu. Watu wamesimama na aproni, wanapiga stori, kampuni inalipa. Jioni samaki bado wamejaa, watu wanaingia overtime wakiwa wamechoka. Ni sisi upande wa wafanyakazi tuliosema shifti isogezwe mbele. Ilisogezwa. Overtime ikapungua, samaki wakakatwa wangali wabichi, na mwenye kiwanda mwenyewe alikuja kutushukuru.

Kitu kama hicho mtu wa ofisini hawezi kukiona. Anayekiona ni yule anayesimama pale akingoja lori.

Sasa nije kwa shida yangu.

Binti yangu Akinyi alipata mchumba. Kijana mzuri, ana kazi yake, hana maneno mengi. Kumbe baba yake ni Bwana Ochieng, production manager wetu, anayeishi Milimani.

Walikuja nyumbani kwangu karibu na Pap Onditi, wakakaribishwa, mambo ya kimila yakafanyika vizuri. Kuanzia siku hiyo mimi na Bwana Ochieng tukawa wakwe.

Wenzangu Wajaluo watanielewa. Kwa wengine nieleze kidogo. Mkwe kwetu unamheshimu kwa umbali. Hubishani naye, humwaibishi mbele ya watu, na mkikutana kila mmoja anapima maneno yake. Mkikosana nyinyi wazee, aliyeolewa ndiye anayekaa na hiyo baridi nyumbani. Hivyo ndivyo nilivyolelewa na sikuwahi kufikiria vingine.

Wiki moja baada ya sherehe, wakati wa chakula cha mchana, Conso alisimama uwanjani watu wote wakisikia, akaniita jaduong', yaani mzee.

"Jaduong', hongera kwa harusi. Sasa tuambie. Siku Ochieng akileta jambo baya, utamwambia hapana?"

Nikamwambia kazi ni kazi, nyumba ni nyumba.

"Hiyo ni maneno ya redio," akasema. "Mimi nakuuliza wewe. Utaweza?"

Nilijua jibu. Mdomo wa kumwambia Ochieng hapana mbele ya bosi wake, mimi sikuwa nao tena.

Lakini nilikuwa nimezoea. Nilikuwa nimezoea kuitwa mheshimiwa, kukaa kwenye kiti cha kuzunguka, kunywa chai kwenye kikombe chenye kisahani. Niliona nikitoka watu watasema mzee ameogopa.

Nikasema, "Nitaweza. Nitaendelea."

Hapo ndipo pa kosa. Yaliyofuata yalitoka hapo.

Miezi michache baadaye Ochieng alileta jambo la visu.

Kiwandani tulikuwa na kibanda cha kunoa, na watu wawili ndani yake. Mkubwa wao alikuwa Barasa, Mluhya wa Busia. Kila baada ya saa moja hivi, mkataji anapitisha kisu butu dirishani na kuchukua kikali, bila kupoteza hata dakika mbili. Mbuta ana magamba magumu na mbavu nene. Anamaliza makali ya kisu upesi.

Ochieng alisoma kwenye karatasi. "Kibanda cha kunoa kina watu wawili siku nzima. Tumeamua kupunguza. Kila mkataji atapewa chuma chake, atajinolea mwenyewe mezani. Wale wawili wataenda kupakia."

General manager akageuka kwetu. "Upande wa wafanyakazi mnasemaje?"

Tulikuwa watatu upande wetu. Wenzangu wawili walikuwa vijana wa umri wa wanangu, na hawangefungua mdomo kabla yangu. Ndivyo ilivyo huku, mzee ndiye anaanza. Kwa hivyo kimya changu kilikuwa ni kimya cha watu watatu.

Nilijua la kusema. Kile chuma kinanyoosha tu ukali uliopo. Ukali ukishaisha, kisu kinataka jiwe na mtu mwenye subira. Mkataji mwenye samaki mbele yake hatasimama kunoa. Atasukuma. Na kisu cha kusukuma ndicho kinachoteleza.

Yote hayo yalikuwa kwenye ulimi. Nikamwangalia Ochieng. Aliniangalia kwa heshima, kama mkwe anavyomwangalia mkwe.

"Hatuna pingamizi," nikasema.

Katibu akaandika. Tukatia sahihi.

Mlangoni Ochieng akanipa mkono. "Asante, mkwe."

Nilipofika chumba cha kubadilishia nguo, Conso alikuwa ananingoja.

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia tutaangalia kwanza inaendaje."

Ulikuwa uongo, na alijua.

"Jaduong', sisi tulikutuma meeting. Hatukukutuma ukweni."

Wanawake wakapasuka kicheko. Mmoja akapiga magoti kidogo, akaigiza ninavyomsalimia mkwe, "Karibu sana, karibu uchukue na visu." Nilitoka nikiwa nimevaa gumboot moja.

Barasa nilimkuta akikusanya mawe yake ya kunolea kwenye debe. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mzee, kupakia naweza. Lakini kisu nani atakiangalia?"



Mwezi wa kwanza hakuna aliyeumia sana. Mikwaruzo, plasta, basi. Nikaanza kujiambia labda nilikuwa na wasiwasi bure.

Kisha nikapita Obunga.

Wasioijua Kisumu, pale ndipo akina mama wanaponunua mifupa ya samaki inayotoka viwandani baada ya minofu kukatwa. Kichwa, uti wa mgongo na mkia. Wanaikausha na kuikaanga, watu wanakula na ugali. Inaitwa mgongo wazi kwa sababu mgongo umebaki mtupu, nyama yote imekwenda ng'ambo.

Mama Otis, tuliyefahamiana naye miaka mingi, aliniita akiwa mbele ya karai lake.

"Baba Akinyi! Mwambie mwenye kiwanda chenu Mungu amzidishie!"

"Kuna nini?"

"Siku hizi mgongo wazi umefunga! Una nyama. Jana mteja ameniuliza kama nimeanza kuuza samaki mzima." Akacheka mpaka akashika kiuno.

Aliinua mmoja akanionyesha. Kando ya mbavu, pande zote mbili, kulikuwa na nyama nene kama kidole.

Mimi sikucheka. Kila kipande cha nyama kilichobaki pale kilipaswa kuwa kwenye katoni. Kisu butu hakiwezi kupita karibu na mfupa, kinapanda juu. Kampuni ilikuwa imeondoa watu wawili kibandani ili ipunguze matumizi, na kila siku ilikuwa inapakia nyama yake kwenye lori la mifupa.

Nikanunua ule mgongo mmoja mbichi. Nikauzungushia gazeti, nikaupeleka nyumbani nikauweka kwenye barafu. Meeting ilikuwa siku iliyofuata. Nilijiambia sitahitaji hata kubishana. Nitauweka mezani tu, wenyewe wataona.

Wakuu, niliingia na ule mgongo boardroom. Ulikuwa ndani ya mfuko wa kiondo, katikati ya miguu yangu.

Ochieng akasimama. Akasema minofu imepungua. Kwa samaki wale wale, katoni zinatoka chache. Alisema amechunguza na kuona wakataji wamelegea, wanapiga stori, kwa hivyo anapendekeza target ipandishwe. Kila mtu akate samaki zaidi kwa saa.

Barafu ilikuwa inayeyuka, nikihisi maji yakiingia kwenye soksi.

General manager alikunja pua. "Kuna harufu ya samaki humu."

"Sir, hiki ni kiwanda cha samaki," mmoja wa wale vijana akajibu, watu wakacheka kidogo.

Kisha general manager akauliza, "Wafanyakazi? Mzee, unasemaje? Kwa nini minofu inapungua?"

Aliniuliza hivyo, moja kwa moja. Alitaka kujua.

Nikainama. Nikashika mdomo wa mfuko. Nikiutoa ule mgongo, kila mtu atajua kwamba kosa ni la Ochieng, si la wakataji. Atajua bosi wake, watajua vijana wangu, na jioni watajua uwanjani. Mkwe wangu atavuliwa nguo mbele ya watu, na aliyemvua ni mimi.

Nikamwona akilini Akinyi akiwa jikoni kwa watu, hakuna anayemsemesha.

Nikauachilia mfuko.

"Tutaongea na watu wetu waongeze bidii," nikasema.

Ochieng alishusha pumzi. Sijui kama alikuwa amehisi kitu.

Nilipotoka nilizunguka nyuma ya godown nikautupa ule mgongo. Korongo wale wakubwa wakaugombania, nami nikasimama nikiwatazama, mzee mzima, nikiwa na soksi mbichi.

Target mpya ilianza Jumatatu.

Kama wiki ya tatu hivi, mnamo saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye meza yangu ya kukagua. Sikusikia kelele. Nilichosikia ni sauti za visu upande mmoja zikikoma.

Conso alikuwa amesimama, mkono wa kulia ameushika kwa mkono wa kushoto. Meza zetu ni nyeupe. Damu ilikuwa imefika kwenye minofu ya jirani yake.

Aliponiona hakupiga kelele. Alisema polepole, kama mtu anayetoa ripoti:

"Kilikataa kupita. Nikasukuma. Mkono uliteleza ukapanda kwenye makali."

Glavu ilikuwa imepasuka kutoka kiganja mpaka vidoleni. Tulimfunga kwa aproni, akapelekwa hospitali. Walimshona vizuri, lakini kano za vidole viwili zilikuwa zimekatika na hazikurudi.

Alipodai fidia, wakili wa kampuni alifungua faili ya kamati. Minutes zilikuwa pale. Mabadiliko ya visu, wafanyakazi hawana pingamizi. Target mpya, wafanyakazi wanaunga mkono. Sahihi yangu chini, nzuri, ya form four.

Yaani sheria iliyowekwa imlinde, kupitia kwangu, ndiyo iliyosimama dhidi yake. Mwishowe alipata kitu, lakini alizungushwa kwanza.

Baada ya hapo wakataji wazuri walianza kuondoka mmoja mmoja kwenda viwanda vingine. Waliobaki walikuwa wanakata kwa woga. Wanunuzi wa ng'ambo wakalalamika minofu imechanika, mzigo mmoja ukakataliwa. Kibanda cha kunoa kilifunguliwa tena, lakini Barasa alikuwa amesharudi Busia na hakuna aliyejua kazi yake. Shifti ya pili ikaondolewa. Mwaka haukuisha, geti likafungwa.

Sitasema kisu peke yake ndicho kilichoua kiwanda. Samaki pia walikuwa wamepungua ziwani. Lakini walipungua kwa viwanda vyote, na vingine bado vinafanya kazi mpaka leo.

Kwa hivyo mwenzetu uliyeandika kwamba wafanyakazi kwenye meza ya maamuzi wanafukuza wawekezaji, mimi nakwambia nilivyoona. Siku tuliyoongea, kampuni ilipata. Siku nilizonyamaza, ilipoteza nyama, ikapoteza watu, ikapoteza wanunuzi. Viti vilijaa kama sheria inavyotaka, minutes ziliandikwa, na mwenye mali hakuambiwa kitu ambacho mama wa Obunga alikijua bure.

Kuna jambo moja bado.

Baada ya kiwanda kufungwa nilikutana na Ochieng nyumbani kwa watoto wetu, walipopata mtoto. Yeye pia hana kazi. Tulikaa kwenye viti mbalimbali kama kawaida, tukisifu mvua. Kisha akaniuliza bila kuniangalia:

"Mkwe, ulijua habari ya visu?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyosoma ile karatasi."

Akasema, "Ungeniita kando. Hata kwa simu. Ningekuwa nimekasirika siku mbili, halafu ningeenda kuangalia."

Sijui kama ni kweli. Pengine ni rahisi kusema hivyo sasa. Lakini sikumpa nafasi ya kuonyesha angefanya nini, na hilo halitoki kichwani.

Akinyi alikuwa amesikia kutoka mlangoni. Aliponisindikiza alisema, "Baba, mbona hukuniuliza? Ningekwambia hapa hakuna mtu angenigusa kwa sababu ya visu."

Somo langu ni fupi. Ukichaguliwa kuwasemea watu, na siku moja ukagundua kuna mtu mmoja tu pale mezani ambaye huwezi kumpinga, iwe ni mkwe, mchungaji wako au aliyekutafutia kazi, toka siku hiyo hiyo. Usingoje uone kama utaweza. Waambie watu ukweli, wapange mstari nyuma ya mwingine. Conso angefaa kuliko mimi.

Na nyinyi waajiri mlio humu, mkiona kamati yenu inakubali kila kitu, msifurahi. Nendeni mkaangalie mifupa.

Waliowahi kukaa kwenye kamati kama hizi waje waseme walivyofanya. Mtakaonilaumu pia njooni, nitasoma yote na sitajibu kwa hasira.

Nilinyamaza ili kuilinda nyumba ya binti yangu, na nyumba hiyo haikuwa hatarini hata siku moja.

Nilichopoteza ni kazi yangu, zikiwa zimebaki miaka miwili nistaafu, pamoja na kazi za wote waliosimama nyuma yangu siku ile. Consolata hawezi tena kukunja vidole viwili vya mkono wa kulia. Tunakutana sokoni, na hanisalimii.